Je, Wajua? Mombasa kwa Miguu

Kisiwa cha Mombasa ni kilomita za mraba 14 hivi, na Mji wa Kale ndani yake ni hekta 72 tu. Mwenye magoti mazima anaumaliza kwa asubuhi moja. Taabu ni kwamba kila hatua kumi kuna kitu cha kumsimamisha mtu, na nusu ya vitu hivyo haviko kwenye kuta, viko midomoni mwa watu. Vaa ndara zinazoshika chini. Twende.

Je, wajua kwamba kibao cha Ndia Kuu hakina kosa la tahajia? Mgeni kutoka bara hukisoma akacheka kichini-chini: hawa nao wameshindwa kuandika "njia"? Hawakushindwa. Kwa Kimvita njia ni ndia, njaa ni ndaa, na ukiitwa unaambiwa "ndoo!" wala huletewi ndoo ya maji. Wareno walipoutawala mji, mtaa huu waliuita Raposeira. Walikaa hapa zaidi ya miaka mia, wakajenga, wakapigana, wakaondoka, na leo huwezi kumpata mtu mmoja hapa anayekwenda kununua mkate Raposeira. Anakwenda Ndia Kuu.

Je, wajua Mombasa ina taifa kumi na mbili? Wenyewe huziita Thenashara Taifa. Tisa ni za upande wa Mvita: Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Paza, Shaka, Gunya na Katwa. Tatu, yaani Thelatha Taifa, ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Yasome tena majina hayo polepole. Utaona ni ramani ya pwani, kutoka kaskazini hadi hapa kisiwani. Watu walihama na majina ya kwao kama mtu anayehama na kinu chake.

Ngome ya Yesu tuiendee sasa kabla jua halijapanda. Je, wajua kwamba hii tunayoiita ngome ya Mreno ilichorwa na Mtaliano? Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan, ndiye aliyeipanga, na ujenzi ukaanza mwaka 1593. Mfalme aliyeiamuru alikuwa Philip II wa Hispania, maana wakati huo mataji ya Hispania na Ureno yalikuwa juu ya kichwa kimoja. Mafundi waliletwa kutoka Goa, vibarua kutoka Malindi, na mawe ni matumbawe ya papa hapa. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali: kichwa, mikono, miguu. UNESCO waliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Na gereza? Neno lenyewe ni la Kireno: igreja, maana yake kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, neno likatoka kanisani likaingia ngomeni, likatoka ngomeni likaingia jela. Kisha historia ikalitimiza neno: kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya Ngome ya Yesu kuwa gereza kweli. Mwaka 1958 ilitangazwa kuwa mnara wa taifa, na 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, baada ya fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno kugharamia ukarabati. Wareno hao hao. Nadhani ni mara chache mtu hulipia kusafishwa kwa nyumba aliyofukuzwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki vitabu vya shule hukipitia mbio. Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kuiteka ngome hii alikuwa kijana aliyelelewa na mapadre? Baba yake, Hasan bin Ahmad, alikuwa mfalme wa Mombasa na Malindi. Aligombana na kapteni wa Kireno, akauawa mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, naye akapelekwa Goa. Mapadre wa Augustino wakamlea, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme aliyefundishika. Kwa miaka mitano alikaa kimya. Inasemekana kilichomfichua ni kuonekana akimwombea baba yake kaburini kwa dua ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni kama mgeni anayekuja kumjulia hali kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Alikuwa na kisu. Kapteni hakuliona jua la kesho, na Wareno wengi mjini waliuawa siku zilizofuata. Manowari za Goa zilikuja mwaka uliofuata, zikapiga, zikashindwa. Yusuf mwenyewe akaona hawezi kubaki, akaibomoabomoa ngome alivyoweza, akatweka tanga na kuwa haramia wa bahari mpaka kifo chake mwaka 1638. Majina mawili, dini mbili, ngome moja. Mimi huwauliza waongoza wageni kwa nini hawaanzi ziara na mtu huyu. Hunijibu kwamba watalii wanataka mizinga.

Haya, mizinga basi. Kuzingirwa kwa ngome na Waomani kulianza Machi 1696 na kukaisha Desemba 1698: miezi 33. Tauni iliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 makapteni walipokwisha kufa, je, wajua nani aliyeshika uongozi? Bwana Daud, mwana wa mfalme kutoka Paza, pamoja na wafuasi wake wachache, na wanawake waliopanda kutani kulinda zamu. Mswahili aliyeilinda ngome ya Mreno dhidi ya Mwomani, wakati Waswahili wenzake wako nje na Mwomani. Anayetaka historia yenye pande mbili tu, hapa si mahali pake. Ngome ilipoanguka, msaada kutoka Goa ulitokeza baharini siku chache baadaye, ukaiona bendera ngeni juu ya ukuta, ukageuza.

Chini ya maji, mbele ya ngome hiyo hiyo, palilala Santo António de Tanná, manowari iliyozama Oktoba 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimba kuanzia mwaka 1977. Vyombo vyake vimo makumbushoni: mitungi, vyombo vya kaure, vitu vya mabaharia.

Lakini ukiingia makumbushoni usikimbilie kabati za vioo. Tafuta kipande cha lipu kilichochorwa na askari wa Kireno aliyekuwa zamu. Amechora merikebu. Nyingi. Tanga, milingoti, kamba, kila kamba mahali pake, kama mtu anayezijua kwa mikono wala si kwa macho. Mstari mmoja umetetereka, kama mkono wa mtu aliyeguswa bega akiambiwa "zamu yako". Watu wamechorwa vibaya, vichwa kama maembe. Meli zimechorwa vizuri. Ukisimama hapo dakika tano utajua alichokuwa akikiwaza kijana yule saa nane za usiku.

Je, wajua kwamba bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi Desemba 1963? Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, haukuwa koloni la Kenya kisheria. Ulikuwa mali ya Sultani, na Mwingereza alikuwa akilipa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, kama mpangaji yeyote. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walitia saini kuuachia ukanda huo uwe wa Kenya. Miezi mitatu baadaye hakukuwa na Sultani Unguja wa kumlipa.

Toka langoni, tazama kando: makaburi ya Wamazrui, waliokuwa maliwali wa Mombasa kwa takriban miaka mia, hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837. Miongoni mwa kuta hizo fupi amelala Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere na Marekani, akafa huko mwaka 2014, na kuletwa kuzikwa kwao. Kutoka kaburi lake hadi ukuta wa ngome waliyoitawala jadi zake, jiwe la mtoto linafika.

Turudi vichochoroni kwenye kivuli. Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba? Boriti. Dari zote zilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi boriti imara inayozidi mita tatu hivi. Basi hata tajiri aliyejaza pembe za ndovu ghalani alilala katika chumba cha upana ule ule wa jirani yake mvuvi. Alichoweza ni kuongeza urefu, ghorofa, na mlango. Ndiyo maana mali yote iliishia mlangoni. Tazama kizingiti cha juu, kisha mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Fundi hodari ulimjua kwenye mfaa. Niliwahi kumwona mzee mmoja akipitisha kidole gumba kwenye nakshi ya mfaa wa nyumba isiyo yake, akakisimamisha mahali fulani na kusema, "Hapa patasi ilimponyoka, akapageuza ua." Nilipatazama. Ua lile kweli lilikuwa na petali moja zaidi ya wenzake.

Mabaraza yale ya mawe mbele ya nyumba nayo hayakujengwa kwa ajili ya picha. Ndiko alikokaribishwa mgeni asiyepaswa kuingia ndani. Usiketi bila kusalimu. Ukisalimu, kahawa chungu itakufikia kabla hujaulizwa unatoka wapi.

Leso: neno jingine la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 kina mama wa pwani walinunua vitambaa vya aina hiyo, wakaviunga sita kuwa nguo moja. Walipochoka kushona, wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Duka la Mali ya Abdulla lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na mwenyewe, Kaderdina Hajee Essak, ndiye anayesifiwa kwa kuandika misemo juu ya leso. Bado unaweza kwenda Barabara ya Biashara ukalipata duka hilo. Na sikiliza leso inavyogawanywa: ukingo ni pindo, katikati ni mji, na yale maneno huitwa jina. Mwenye duka atakuuliza, "Watafuta jina gani, mamangu?" Nguo yenye mji na jina! Ukitaka kumjua aliyenunua, usiangalie rangi.

Haraka haraka sasa, jua linakaza.

Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli kubwa ziliihama Bandari ya Kale na kuyaachia majahazi. Marikiti ni market tu, iliyovishwa kanzu. Kengeleni, ng'ambo ya Nyali, kuna kengele kweli: ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Daraja la kwanza la Nyali, la mwaka 1931, lilikuwa likielea juu ya maji. La saruji tunalobanania matatu leo ni la 1980. Na kabla ya magari, mabwana wa Kizungu walisafiri mjini kwa vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu kwa mikono. Abiria mmoja au wawili juu, wasukumaji nyuma, mwavuli. Watu wengine huzikumbuka enzi hizo kwa hamu. Sijawahi kumsikia mjukuu wa msukumaji akiwa miongoni mwao.

Pembe za Barabara ya Moi, ambazo kila mgeni lazima apigwe picha chini yake, ni za alumini. Ziliwekwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, ambaye alikuwa apande meli iliyokuwa ikimngoja hapa bandarini. Tarehe 6 Februari baba yake akafariki. Elizabeth, sasa Malkia, alirudi kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Meli ikabaki inangoja, pembe zikabaki zimesimama. Jozi ya pili iliongezwa mwaka 1956 kwa ziara ya mdogo wake, Margaret, na tangu hapo zinafanya herufi M.

Je, wajua kwamba siri za jeshi la majini la Japani ziliwahi kufumbuliwa katika shule moja ya Mombasa? Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuupiga mabomu mji wa Colombo, Waingereza waliwahamishia hapa wataalamu wao wa kuvunja nambari za siri, wakawaweka katika Shule ya Allidina Visram. Hapo, penye madawati ya hesabu, wakaifungua nambari iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo na madawati yakarudishiwa wenyewe.

Na kwa kuwa tumetaja nambari za siri: mashine ya Wajerumani ya Enigma, walioitegua kwanza mwaka 1932 walikuwa wanahesabu wa Poland. Sasa unijibu hili. Wajua kwamba mwaka ule ule wa 1942, gati za Kilindini zilipokea Wapolandi kwa maelfu? Hawakuwa watalii. Stalin alikuwa amewang'oa mashambani kwao mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941, akawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa walishuka hadi Iran, na kutoka huko wengi wakapakiwa melini kuja Afrika: wanawake na watoto zaidi, wanaume wakiwa vitani. Wengine walishukia Tanga, wengine hapa. Kutoka Mombasa gari moshi liliwapeleka Uganda, kwenye kambi za Nyabyeya karibu na Masindi na Koja kando ya Ziwa Victoria. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, watu kama 5,000 katika nyumba za duara za kuezeka nyasi. Fikiria mkulima wa ngano, aliyezoea theluji, anaamka na kuuona Mlima Meru mlangoni. Nyabyeya walijenga kanisa ambalo bado limesimama. Tengeru wana makaburi yanayotunzwa hadi leo. Mombasa hawakuacha hata jina la kichochoro. Walipita tu, wakiwa na mizigo mikononi, wakitafuta mahali pa kuketi kivulini.

Ila Wapolandi wana neno moja letu, na walilipata zamani kabla ya vita. Mwandishi wao Henryk Sienkiewicz, aliyepata Nobel mwaka 1905, alifika Zanzibar mwaka 1891. Baadaye akaandika riwaya ya watoto wawili wa Kizungu waliopotea Afrika, na jina la Mombasa limo ndani yake. Vizazi vya wanafunzi wa Poland wameisoma darasani. Imejaa macho ya mkoloni, tusifichane. Lakini humo mna kijana Mwafrika anayeitwa Kali, na Kali huyo anaeleza kwamba mtu akiiba ng'ombe wa Kali ni ubaya, Kali akiiba ng'ombe wa mtu ni wema. Hadi leo Mpolandi akimwona mwanasiasa mwenye mizani mbili husema ana "maadili ya Kali". Huenda hajui kwamba jina hilo kwetu hupewa pilipili.

Adhuhuri inakaribia, adhana itaanza. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara ulionyooka kwenda juu ukichongoka, huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Una umri mkubwa kuliko ngome, na hauhitaji tiketi, ila ni wa wanaoswali.

Kuna msafiri aliyefika kisiwani miaka zaidi ya mia mbili kabla ya msikiti huo kujengwa. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja, mwaka 1331. Hakuandika mengi: ndizi, ndimu, samaki, watu wa dini na wema, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo akiwa tayari mlangoni, akaeleza kwamba kwenye mlango wa kila msikiti kuna kisima kifupi, dhiraa moja au mbili. Watu hutembea pekupeku. Anayetaka kuingia huteka maji kwa chombo cha mti, huosha miguu, kisha huifuta kwenye jamvi nene lililotandikwa hapo.

Ijumaa iliyopita nilisimama kando ya mlango wa msikiti mmoja vichochoroni, nikimngojea ami yangu. Kijana wa miaka kumi hivi alikuja mbio, akavua ndara bila kuinama, akafungua bomba, akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, akasimama juu ya jamvi la plastiki la kijani na kuipangusa miguu mara tatu, moja, mbili, tatu, akaingia.